SOMO LA MWEZI: JINSI MWUGUZI WA WATOTO ANAVYOFUNDISHWA



Kila mwaka, matokeo ya mitihani yakiisha kutangazwa, wazazi wa usharika wetu huja nyumbani kwangu na karatasi mikononi. Wataka niandike barua ya kumtambulisha kijana wao kwa chuo cha uuguzi. Miyuji iko upande wa kaskazini wa Dodoma, na vyuo vya kazi hiyo si haba katika nchi yetu hii ya kati. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vilivyoanzishwa vyote viwili mwaka 2007, hufundisha wauguzi. Na kule Mvumi kiko chuo kilichofungamana na hospitali ya Kanisa Anglikana. Nami huandika barua hizo kwa furaha.

Lakini mama mmoja, nilipokuwa nikitia sahihi barua ya binti yake, aliniuliza hivi: "Mchungaji, watamfundisha nini huyu juu ya watoto, nisichokijua mimi niliyelea saba?" Sikulicheka swali lile, maana ni swali la haki. Somo la mwezi huu ni jibu langu kwake, na kwa wote wapelekao vijana wao katika kazi hii.

1. Jambo nililoliona

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, nilimsindikiza bibi mmoja wa usharika wetu hospitalini pamoja na mjukuu wake wa miezi minane. Hospitali ile sitaitaja. Watu walikuwa wengi mbele ya dirisha la kuandikisha, tukaambiwa tuketi tungoje zamu yetu. Mtoto alikuwa amelia usiku kucha, na sasa amenyamaza. Bibi akamfunika kitenge vizuri, nasi tukashukuru kwamba amepata usingizi.

Akapita msichana mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, amebeba mafaili. Alitutazama, akasimama, akarudi hatua mbili. Akasema, "Shikamoo, bibi. Naomba nimwone mjukuu wako kidogo." Bibi akafunua kitenge. Yule msichana hakumgusa mtoto. Aliitazama saa yake, akakitazama kifua cha mtoto, midomo yake ikihesabu polepole dakika nzima. Kisha akasema, "Bibi, huyu hakulala. Amechoka kupumua. Inuka twende." Akatupitisha mbele ya watu wote, wala hakungoja kuulizwa. Mtoto akapewa oksijeni na dawa ya nimonia, akapona.

Baadaye nilimwuliza aliona nini. Akajibu, "Mchungaji, alikuwa akivuta pumzi mara 64 kwa dakika, na chini ya mbavu kifua kilikuwa kikiingia ndani. Tena, darasani tumefundishwa hivi: ukiingia mahali penye watoto wengi wagonjwa, anayelia ana nguvu za kulia, mtafute kwanza aliyenyamaza."

Basi, bibi yule alimpenda mtoto kuliko alivyompenda yule msichana, na mimi nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko yeye. Lakini sote wawili tulimtazama mtoto aliye hatarini, tukaona mtoto aliyelala. Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu: upendo ni lazima, nao hautoshi. Jicho nalo hufundishwa.

2. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Kazi ya kufundisha wauguzi kwa utaratibu ina historia inayotuhusu sisi wa kanisa. Mwaka 1836, huko Kaiserswerth katika Ujerumani, Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya kuwafunza wanawake wa kanisa, madiakonisa, kuuguza wagonjwa. Mwaka 1851 alifika huko kujifunza Mwingereza Florence Nightingale, ambaye mwaka 1860 alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas mjini London. Katika mji huo huo, mwaka 1852, ilikuwa imefunguliwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, ikiwa na vitanda 10 tu. Mwanamke mmoja aliyewaongoza wauguzi wa hospitali hiyo, Catherine Wood, alishika neno moja kwa bidii: mtoto mgonjwa ahitaji uuguzi wake mwenyewe, na mwenye kumwuguza ahitaji mafundisho yake mwenyewe.

Kwa nini? Yafikirini mambo haya manne.

Kwanza, pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto huvuta upesi zaidi, na kadiri alivyo mdogo ndivyo azidivyo. Kwa hiyo mwanafunzi hushika hesabu hii kichwani: mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, tangu miezi 2 hata kabla ya kutimiza mwaka, 50, tangu mwaka 1 hata kabla ya kutimiza miaka 5, 40. Naye hufundishwa kuhesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, maana mtoto mdogo hupumua kwa kubadilika-badilika, na akilia hesabu yote huharibika.

Pili, uzito. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, wala si kwa kukisia umri wake. Hivyo mizani huja kabla ya sindano. Mwanafunzi akikosea nukta moja katika hesabu yake, mtoto hupewa dawa mara kumi zaidi, au sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo sababu hufundishwa kufanya hesabu, kisha kumwomba mwenzake airudie bila kumwonyesha jibu.

Tatu, maji na joto. Mtoto mwenye kuharisha aweza kuwa mzima asubuhi na kuwa hoi jioni, kwa kuwa akiba ya maji mwilini mwake ni ndogo. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hupoteza joto hata katika chumba ambacho sisi twakiona kina joto.

Nne, maneno. Mtu mzima husema, "Naumwa hapa." Mtoto mchanga hana neno. Yote aliyo nayo ni rangi ya ngozi yake, namna ya kilio chake, macho yake, na jinsi anyonyavyo. Mwuguzi hana budi kujifunza kuyasoma hayo kama mtu ajifunzavyo herufi.

3. Dalili ambazo hata sisi yatupasa kuzijua

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitengeneza utaratibu wa kuwatazama watoto wagonjwa walio chini ya miaka mitano, ili mhudumu asitibu homa akasahau kifua, wala asitibu kuhara akasahau njaa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea. Ulipopimwa katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, ukalinganishwa na wilaya jirani zilizokuwa hazijaanza, ilionekana kwamba vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 mahali wahudumu walipokuwa wamefundishwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2004.

Mwanafunzi wa uuguzi huanza na dalili nne za hatari, naye huuliza na kutazama kwa kila mtoto bila kuruka hata moja. Je, mtoto ashindwa kunywa au kunyonya? Je, atapika kila kitu anachopewa? Je, amepata degedege? Je, amelegea mno, au hana fahamu? Moja tu ya hizo yatosha. Mtoto huyo hangoji zamu. Ninyi walimu, ziandikeni dalili hizi nne na kuzifundisha katika vikundi vya akina mama na akina baba, kwa maana mwuguzi aliyefundishwa vizuri hamwoni mtoto aliyeachwa nyumbani.

4. Fundisho lililotoka Haydom

Sasa nakuja kwenye neno lililo kubwa katika somo hili. Twaweza kudhani kwamba kijana akiisha kufundishwa na kufaulu mtihani, basi amefundishwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, imetuonyesha kwamba sivyo.

Watoto wengi wazaliwapo hulia wenyewe. Lakini wako wachache wasiovuta pumzi, na kwa hao dakika ya kwanza ndiyo uzima wenyewe. Mhudumu hana budi kumkausha, kumsugua mgongo, na asipopumua, kumwekea kinyago usoni na kumsukumia hewa kwa mfuko wa mkono kabla dakika hiyo haijaisha. Jambo hili hufundishwa kwa mwanasesere aliyeumbwa mfano wa mtoto mchanga, ambaye kifua chake huinuka hewa ikiingia sawasawa.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walifundishwa kazi hii kwa siku moja. Walipopimwa tena baada ya miezi, bado waliifanya vizuri kuliko zamani juu ya mwanasesere. Lakini wachunguzi walipotazama katika chumba cha kujifungulia, kwa watoto wenyewe, waliona kwamba matendo hayakuwa yamebadilika inavyopasa. Mafundisho yalikuwa kichwani, nayo hayakufika mikononi.

Hawakukata tamaa, wala hawakuwalaumu wauguzi. Walimweka mwanasesere karibu na mahali pa kazi, wakaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, ya dakika chache tu, pale pale kazini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hadi 7.2. Hapakuwa na dawa mpya. Palikuwa na mikono iliyozoezwa.

Njia hiyo ya mazoezi ya mara kwa mara ikapelekwa mbele, pamoja na vifaa vingine, katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Habari iliyochapishwa mwaka 2025 yasema kwamba vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000.

Jueni pia kwa nini jambo hili ni la haraka. Katika uchunguzi wa afya ya nchi yetu wa mwaka 2004 na 2005, watoto 112 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa 43. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini tazameni wachanga wa mwezi wa kwanza: mwaka 2015 na 2016 walikufa 25 katika kila 1,000, na mwaka 2022 walikufa 24. Hapo hatujasogea karibu hata kidogo. Chandarua na chanjo zimewaokoa wengi wa wale wakubwa kidogo. Mchanga asiyepumua hungoja mkono wa mtu aliyefanya mazoezi juma lile lile.

5. Kazi ya usiku

Katika nchi yetu ya Ugogo wazee hawajasahau jina la Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920. Njaa ya namna ile haijatupata tena. Hata hivyo mvua ikikosa, watoto waliodhoofika huonekana wodini. Hapa mwanafunzi hufundishwa jambo linaloshangaza wengi: mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu kwa utapiamlo, hapewi chakula kingi siku za kwanza. Moyo wake na figo zake haziwezi kukichukua, naye aweza kufa kwa kushibishwa ghafula. Hupewa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, mchana na usiku, naye hufunikwa asipate baridi.

Basi fikirini mwanafunzi wa miaka ishirini, saa tisa za usiku, macho yamemlemea, wodi imenyamaza. Hakuna mwalimu wala mkaguzi. Kikombe cha saa tisa kikirukwa, karatasi yaweza kuandikwa kwamba kilinyweshwa. Lakini sukari katika damu ya mtoto yule itashuka, na asubuhi huenda asiamke. Hapa uhodari wa darasani hausaidii kitu pasipo uaminifu. Nao uaminifu huo haufundishwi chuoni kwanza. Hutoka nyumbani, kwa baba na mama, na katika madarasa yetu ya kipaimara.

6. Mama ni mwenzake mwuguzi

Katika Ulaya, hata katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi hazikuwaruhusu wazazi kukaa na watoto wao, ila kuwaona kwa saa zilizowekwa tu. Mwaka 1952 Mskoti James Robertson alionyesha picha ya sinema ya mtoto wa miaka miwili akikaa hospitalini peke yake, na watu wakaona huzuni ambayo wauguzi walikuwa wakiiita utulivu. Mwaka 1959 taarifa ya kamati ya Platt katika Uingereza iliagiza kwamba wazazi waruhusiwe kuwa karibu na watoto wao.

Sisi huku mama hulala na mwanawe wodini, na bibi pia akiweza. Lakini je, huhesabiwa kuwa mwenzake mwuguzi, au mtu wa kuamrishwa tu? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri humwuliza mama kwanza, "Leo wamwonaje?" kwa kuwa mama huona badiliko kabla ya chombo chochote. Humfundisha kuchanganya pakiti moja ya dawa ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji safi, na kumpa mtoto zinki siku zote 10 hadi 14 hata kuhara kukiisha kukoma. Kwa mtoto aliyezaliwa mdogo, mama mwenyewe ndiye chombo cha joto: mtoto hufungwa kifuani pake ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzishwa Bogotá katika Kolombia mwaka 1978, nayo sasa hutumika katika hospitali za nchi yetu.

Mwafahamu habari ya Musa katika kikapu. Dada yake alisimama mbali akitazama, na alipopata nafasi akamleta mama wa mtoto amnyonyeshe. Kutazama kwa makini, na kumweka mama mahali pake: ndiyo kazi ya mwuguzi wa watoto hata leo.

Naye mwanafunzi amkaripiaye mama kwa kuchelewa, siku nyingine mama huyo atachelewa zaidi, kwa kuogopa aibu. Adabu katika wodi ya watoto ni sehemu ya dawa.

7. Jibu kwa yule mama

Basi, mama uliyelea saba, hili ndilo jibu langu. Wewe wawajua watoto wako saba; binti yako hufundishwa kumjua mtoto asiye wake, asiyemwona kabla ya leo, na kumjua katika dakika moja. Hufundishwa kuhesabu pale wewe unapohisi. Hufundishwa kurudia lile lile kila juma hata mkono usisahau. Na mengine, yaani kuamka usiku, kusema kweli juu ya kikombe kilichorukwa, na kumwamkia bibi kwa heshima, hayo wewe ulikuwa mwalimu wake kabla ya chuo.

Nasi wa sharika tusidhani kwamba kazi yetu yaisha kwa barua na kwa sherehe ya kuhitimu. Mwuguzi kijana akirudi kati yetu, tumwulize si cheti chake tu, bali kama huko kazini wanafanya mazoezi; na penye zahanati au hospitali ya kanisa, wajumbe wetu katika baraza waulize kama mwanasesere wa mazoezi yupo, na kama amewekwa pale kazini au amefungiwa kabatini. Mimi nimekwisha kubadili barua yangu. Zamani niliandika, "Ni kijana mwenye bidii." Sasa, kabla ya kuandika, nawauliza wazazi wake swali moja: "Je, hufanya kazi vizuri asipoonwa na mtu?"

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini mtoto aliyenyamaza aweza kuwa mgonjwa kuliko yule anayelia?
2. Zitajeni dalili nne za hatari bila kutazama karatasi. Rudini kuzitaja tena juma lijalo.
3. Wahudumu wa Haydom walijifunza kwa siku moja, lakini matendo hayakubadilika inavyopasa. Je, ni mafundisho gani ya usharika wetu tuliyoyatoa mara moja tu, tukadhani yametosha?
4. Kutoka kwenu hadi zahanati ni mwendo gani, na usiku ni nani atakayemsindikiza mama mwenye mtoto mgonjwa? Andikeni majina ya watu wawili, na kila nyumba iyajue.